Mbwa Mwitu Hana Kosa



Leo nataka tubishane kidogo juu ya neno moja: unyama. Mtu akimmwagia mkewe maji ya moto, tunasema kafanya unyama. Majambazi wakimuua mlinzi, ni unyama. Mimi naona neno hilo linatudanganya, na aliyenifanya nilitilie shaka ni mchoraji wa zamani sana, Marcus Gheeraerts wa mji wa Bruges.

Mwaka 1567 kilitoka huko kitabu cha hekaya za wanyama. Eduard de Dene aliandika mashairi kwa Kiholanzi, Gheeraerts akatengeneza picha. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapaka nta kwenye bamba la shaba, unachora kwa sindano, kisha asidi inakula pale palipokwaruzwa. Mistari inajazwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Mabamba hayo yaliishi kuliko bwana wao, maana mwaka 1617 yalitumika tena Amsterdam katika kitabu cha mshairi Joost van den Vondel (ambaye baadaye aliingia Kanisa Katoliki, ila hiyo ni habari ya siku nyingine).

Kinachonivutia ni kwamba wanyama wa Gheeraerts hawakuvalishwa koti wala kofia. Ni wanyama hasa, wenye manyoya na misuli. Chukua ile hekaya ya mbwa mwitu na mwanakondoo mtoni. Ukifunika maneno ukabaki na picha, unaona mnyama na chakula chake, basi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kondoo akimwona mbwa mwitu huamua kukimbia, lakini uamuzi huo ni wa silika, si wa hiari. Nami naongeza: mbwa mwitu naye vivyo hivyo. Pasipo hiari hakuna dhambi.

Sasa funua maneno. Eti, "Unanichafulia maji!" Mwanakondoo anajibu kwamba yeye yuko upande wa chini, maji yanatoka kwa mbwa mwitu kuja kwake. Basi shtaka linabadilika: ulinitukana zamani. Jamani, alikuwa hajazaliwa! Basi alikuwa baba yako. Halafu anamla.

Hapo ndipo uovu unapoingia, kwenye zile sababu. Mwenye njaa tu hahitaji kesi. Anayehitaji kesi ni yule ambaye dhamiri yake iko macho na anatafuta namna ya kuilaza.

Waliokishika kitabu kile kikiwa kipya waliyaona hayo kwa macho yao. Mwaka uleule, 1567, mtawala wa Alba alifika na jeshi la mfalme wa Hispania, akaanzisha mahakama iliyowaua watu zaidi ya 1,000. Mfalme huyo alikuwa Mkatoliki, tusijifiche. Gheeraerts, Mprotestanti aliyekuwa amelikejeli Kanisa letu kwa picha, alikimbilia London mwaka 1568. Kisha waasi waliompinga mfalme huyo wakawakamata mapadre na watawa wa Gorkum, wakawahoji, wakawataka waikane Ekaristi na mamlaka ya Papa. Wakakataa. Watu 19 walinyongwa Brielle tarehe 9 Julai 1572, na leo tunawaheshimu kama wafiadini. Pande zote mbili zilikuwa na maswali, mashtaka na sababu. Mimi sijasikia mnyama anayemhoji anayetaka kumla.

Utasema, "Frateri, ni neno tu, tunamaanisha ukatili." Sawa. Lakini ukimtoa mtu kwenye utu, umemtoa kwenye hukumu na kwenye kitubio pia, kwa sababu mnyama haungami. Tena neno lenyewe linaweza kuwa sababu kama zile za mtoni. Waangalie wanaomchoma mwizi mtaani: kwanza wanamwita mnyama, kisha ndipo anatafutwa mwenye kiberiti.