Unene, Urithi na Lawama

Msomaji, huenda umepata kusikia mtu mnene akichekwa. Wamchekao husema kuwa ni mlafi au mvivu, na hukumu hukatwa bila shahidi kuitwa. Nakuomba tuwaite mashahidi wawili, kisha tuulize: mtu ana hatia gani kwa umbo la mwili wake?

Shahidi wa kwanza ni mapacha. Mwaka 1990 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa mapacha wa Sweden. Baadhi yao walilelewa pamoja, na wengine walitengwa wangali wadogo. Mapacha wa kufanana walikaribiana mno kwa unene, hata wale waliokua katika nyumba mbalimbali. Hawakula chungu kimoja, lakini walirithi asili moja. Basi watu wawili waweza kula sawa, mmoja akanenepa na mwenziwe asinenepe. Wala huyo mwembamba hana la kujivunia, maana wembamba wake hakuutolea jasho.

Shahidi wa pili ni watu wa Arizona, Marekani, wajiitao Akimel O'odham, maana yake watu wa mto. Wengine huwaita Wapima. Kwa karne nyingi walilima mahindi na maharagwe kwa maji ya mto Gila. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, walowezi waliokaa upande wa juu wa mto waliyageuzia maji katika mashamba yao. Mashamba ya Wapima yalikauka, njaa ikaingia, na baadaye unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe vikawa chakula chao. Katika karne ya 20 unene ulizidi, na ugonjwa wa kisukari ukafuata. Insulini, itokayo katika kongosho, ndiyo iwezeshayo sukari ya damu kuingia katika misuli. Mwili ukiacha kuitii, kongosho hujitahidi kutoa zaidi. Likichoka, sukari hubaki katika damu na kuudhuru mwili.

Je, kosa ni la damu yao? Wapima wana ndugu zao huko Maycoba, katika milima ya Mexico, walioendelea kulima kwa nguvu za mikono. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliona kisukari kwa watu wazima wapatao 7 katika kila 100 huko Maycoba, na 38 katika kila 100 huko Arizona. Nasaba yao ni ya karibu. Maisha yao ni mbalimbali.

Waweza kuniambia, "Ikiwa ni urithi, juhudi ni bure." La, sivyo. Maycoba yatuonyesha kwamba urithi haukati shauri peke yake. Wala usiseme kwamba kila kitu kimo katika hiari ya mtu, kwa kuwa hakuna Mpima aliyeamua mto ukauke. Haki yataka tugawe lawama kwa kipimo. Kwa alichorithi, mtu asilaumiwe hata kidogo. Kwa kilicho katika uwezo wake, kama vile kutembea na kuchagua chakula akipatapo, aulizwe kwa upole. Na mwenye uwezo wa kugeuza mto, au bei ya chakula, aulizwe kwanza, tena kwa nguvu. Mwaka 2004 sheria ya Marekani iliirudishia jumuiya ya mto Gila haki ya sehemu kubwa ya maji. Hapo dhuluma iliitwa kwa jina lake.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Umbo ulilo nalo leo ulipewa kabla hujajua kuomba, na la kesho hulijui. Basi umwonapo mwenzako mnene, uzuie ulimi wako. Na utakapokuwa na madaraka, uyatazame maji ya mto yanakokwenda.