Nafasi Niliyoikalia



Kila mwaka wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita hutujia baada ya swala ya Isha na swali lile lile: niombe vyuo vingapi? Nasi huwajibu, omba vingi, ufadhili ukitoka ndipo uchague. Nami nimejibu hivyo mara nyingi. Siku hizi jibu hilo linanikwama kooni.

Kwetu ni Kionga, ambayo ramani za Msumbiji huandika Quionga, kusini kidogo ya mdomo wa Rovuma. Wajerumani waliichukua 1894, Wareno wakaitwaa 1916, lakini Kiswahili nyumbani hakikuhama. Shuleni ni Kireno. Palma iliposhambuliwa Machi 2021 nilikuwa bado sekondari. Tulikimbilia Pemba, kwa shangazi, na huko nikamaliza darasa la 12 kwa wastani wa 17 kati ya 20. Baba ni mvuvi aliyeacha chombo chake ufukweni. Kwa hiyo chuo bila bolsa, kama tunavyoita ufadhili kwetu, kilikuwa maneno tu.

Niliandika vyuo sita nyuma ya daftari. Nilitaka ualimu wa hisabati. Eduardo Mondlane cha Maputo nilikifuta kwanza: ni zaidi ya kilomita 2,000, na hata ukisamehewa ada utalala wapi, utakula nini? Madina hulipa kila kitu hadi tiketi ya ndege, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye hesabu. Universidade Rovuma, kilichozaliwa 2019 Universidade Pedagógica ilipogawanywa, kilikaa sana kwenye orodha kwa sababu asili yake ni kufundisha walimu. Kulikuwa na Mbale, Uganda, na vyuo vya Tanzania, ambako vyeti vya Kireno hutakiwa vitafsiriwe kisha vilinganishwe na Baraza la Mitihani. Nilijifunza jambo moja katika kufutafuta huko: ufadhili wa ufaulu haupimi akili yako peke yake, unapima umewazidi akina nani. Penye wengi wenye 18, ile 17 yangu si kitu. Basi nikatafuta pale ambapo 17 ingeng'aa.

Vikabaki viwili. Sitavitaja, maana kinachofuata ni aibu yangu, si yao. Vyote viwili vikanipa ufadhili, na barua zote mbili nikazisaini.

Kwa wiki saba nilikuwa na vyuo viwili. Wahenga wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi haikuniponyoka hata moja. Nilipopata uhakika na huku, nikaandika kule kwamba siji. Wakanijibu kwa adabu kuwa muda wa kuita walio kwenye orodha ya akiba umekwisha, na nafasi ile haitajazwa mwaka huo. Kumbe kulikuwa na orodha ya akiba. Kumbe kulikuwa na mtu wa kwanza kwenye orodha hiyo, na kwa wiki saba mtu huyo alikuwa akisubiri simu.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja wa darsa letu, kijana anayejua fiqhi kuliko mimi. Akasema sina dhambi: yule wa akiba hakuwa amemiliki chochote, na huwezi kumdhulumu mtu kitu ambacho hakikuwa chake. Tena chuo chenyewe huita wanafunzi wengi kuliko viti vyake kwa kujua kuwa wengine hawatakuja. Ni hoja nzuri, na nilitamani sana initoshe.

Haikunitosha kwa sababu hii. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka yule wa kwanza aache au amruhusu. Katazo hilo linamlinda mposaji wa kwanza, na wengine wote wanakaa nje kwa heshima yake. Wanakaa nje kwa sababu inadhaniwa anataka kuoa. Sasa mtu aliyeposa nyumba mbili ili aje achague baadaye, anafanya nini na heshima hiyo? Sahihi yangu ilikuwa posa ya namna hiyo. Niliwafungia wengine mlango ambao mwenyewe sikuwa na nia ya dhati ya kuuingia, na nia ndiyo tunayoambiwa kila siku kuwa amali hupimwa kwayo.

Nitajitetea kidogo. Haikuwa tamaa. Aliyetoka kwao usiku na nguo alizovaa haamini karatasi moja. Tumeamrishwa kumfunga ngamia kwanza kisha kutawakali, nami nilijiona namfunga wangu. Ila ngamia wangu nilimfunga kwa kamba ya mwenzangu. Na yaelekea mwenzangu huyo alikuwa wa kule kule kwetu, labda na yeye aliacha Palma au Mocímboa da Praia kwa miguu.

Wanazuoni wanasema toba ina masharti matatu, kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Na ikigusa haki ya mja kuna la nne, kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Namrudishia nani? Mwenye mali asipojulikana, wapo wanaosema itolewe sadaka kwa niaba yake. Lakini mwaka wa chuo unautoaje sadaka? Tangu muhula uliopita natenga kidogo katika posho yangu kumlipia mahitaji ya shule mtoto mmoja wa waliohama, aliyeko Pemba. Natia nia kuwa thawabu ziende kwa yule nisiyemjua. Rafiki yangu wa fiqhi anacheka, anasema nalipa deni ambalo hakuna aliyenidai.

Wadogo zetu sasa nawaambia: ombeni vingi, hilo halina neno. Ila siku unayosaini kimoja, waandikie wengine kabla hujalala. Wiki iliyopita mmoja wao, binti aliyetoka Mtwara, aliniuliza, "Na nikiachia vingine, halafu huu ufadhili wenyewe ukafutwa?" Sikuwa na la kumtuliza. Nilimwambia kwamba hata mimi nilichoogopa kilikuwa hicho hicho.