Mtu wa Hadithi ni Nani?

(2 Samweli 12:1–13)

Ndugu wapendwa, sisi tukaao Kyela na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa twaijua shauku ya vijana wetu Noeli ikaribiapo. Mchana wamo mashambani mwa mpunga. Jioni wakusanyika kanisani kutengeneza mchezo mpya. Hakuna awalipaye. Ni nini basi kiwasukumacho?

Shauku hiyo si ngeni ziwani. Baada ya vita vya 1914–1918 vijana wa pwani za Nyasa waliiga gwaride la askari, wakazaa ngoma ya mganda. Waliyoyaona hawakuweza kuyanyamazia. Twaamini kipawa hicho chatoka kwa Mungu. Lakini moto upikao chakula ndio uunguzao nyumba.

Tumtazame Nathani. Hakuanza kwa kumkemea mfalme Daudi. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira juu ya mtu wa hadithi, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Akakiri, akasamehewa. Hadithi ilipita mlango ambao karipio lisingeupita.

Njia hiyo ilionekana pia katika nchi yetu. Miaka ya 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, upande wa Mwanza. Hawakuleta mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni nini kiwaumizacho. Ikatajwa habari ya wasichana wa shule wapatao mimba. Vijana wakaigiza mambo ya kijiji chao wenyewe, na watu wakajadiliana.

Basi, wainjilisti na wazee wa usharika, msiuzime moto huu. Nanyi vijana, mkiisha kuwaigiza wachungaji wa Bethlehemu, ulizeni: nyumba iliyokosa nafasi kwa Mariamu, je, si yetu? Mpunga na kakao vikiisha kuuzwa, mama na watoto wapata nini? Lakini atakayeigiza baba mlevi na ajichunguze kwanza, asije akamnyoshea jirani kidole. Nathani alisema kwa kumcha Mungu, si kwa kutaka kushangiliwa.

Vigelegele vikiisha, na tusiulize ni nani aliyeigiza vizuri. Tuulize ni nani aliyerudi nyumbani akapatana na mkewe. Bwana atujalie kusikia tuitwapo katika hadithi, naye atusamehe kama alivyomsamehe Daudi. Amina.