Jina la Kuazima

Kwetu, mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mtu huyo huambiwa. Huwa somo wa yule mtoto, na tangu siku hiyo kuna haki baina yao: salamu, kutembeleana, hata zawadi hali ikiruhusu. Nililikumbuka jambo hili nilipopata kujua asili ya jina la bendi mashuhuri ya roki ya Uingereza, Pink Floyd.

Mwaka 1965 vijana hao wa London walikuwa wakijiita Tea Set. Siku moja wakakuta kundi jingine lenye jina hilo hilo limepangwa kupiga muziki pamoja nao. Syd Barrett, mpiga gitaa wao, kijana wa miaka 19, akatoa jina jipya. Alikuwa amesoma kwenye jalada la santuri ya Blind Boy Fuller majina ya wanamuziki wawili Weusi wa Marekani: Pink Anderson na Floyd Council. Akachukua jina la kwanza la kila mmoja, akayaunganisha.

Wote wawili walikuwa hai. Anderson, wa South Carolina, alikuwa ametembea miaka mingi na wachuuzi wa dawa, akiimba ili watu wakusanyike na dawa zinunuliwe. Council, wa North Carolina, alirekodi nyimbo chache mwaka 1937. Mwaka 1973 bendi ilitoa The Dark Side of the Moon, santuri iliyouzwa kwa mamilioni. Anderson alifariki mwaka 1974, Council mwaka 1976.

Mwaka 1986 Roger Waters, aliyekwisha kujitoa katika bendi, alikwenda mahakamani kuwazuia wenzake wasilitumie jina hilo. Wakapatana mwaka 1987. Mwaka 2024 haki za santuri zao, pamoja na jina, ziliuzwa kwa Sony kwa dola zipatazo milioni 400, kama ilivyoripotiwa. Watu waligombea, kisha wakauza, majina ambayo mama wawili wa Marekani waliwaita wana wao.

Je, Barrett aliiba? Sidhani. Aliazima kwa mapenzi, na laiti asingeazima, wengi wetu tusingewasikia wazee hao kabisa. Lakini deni la kuazima haliko katika siku ya kuchukua. Liko katika miaka inayofuata, jina linapozaa matunda na mwenyewe yuko mbali.

Siwezi kumhukumu mtu. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, bweni moja tulilipa jina la mzee mwashi aliyelijenga. Siku ya kulifungua ngoma zilipigwa, nami nikahutubia juu ya kuthamini kazi ya mikono. Mzee mwenyewe alikuwa kijijini kwake, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilisema nitakwenda kumwambia. Sikwenda, hadi akafariki.

Baadaye mwanawe alikuja chuoni kutafuta kibarua. Akasimama mbele ya bweni, kisha akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Mkuu. Lile jina pale mlangoni ni la baba yetu, au la mwingine?"

Nikamwambia ni la baba yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee angependa kujua."

Mahakama huuliza jina ni mali ya nani. Uungwana huanza na swali dogo zaidi: mwenyewe ameambiwa?