Kusimama Kabla ya Kupiga



Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi nyumbani amenuna. Alikuwa amejiunga na vijana wenzake wanaofundishwa mchezo wa Kichina wa kupigana, ule tunaouita kung fu. Nikamwuliza, "Kuna nini, mjukuu wangu?" Akajibu, "Babu, nimeacha. Mwezi wa pili huu tunasimama tu. Mwalimu hajatufundisha hata ngumi moja ya maana."

Nilicheka, maana nilijikumbuka. Katika miaka ya 1970 sisi nasi, tukitoka senema kutazama picha za Bruce Lee, tulirushiana mateke njia nzima mpaka nyumbani. Kila mmoja alitaka kuruka. Hakuna aliyetaka kusimama. Lakini usiku ule, nikiwa kitandani, kicheko kiliniisha. Sababu yake nitaieleza.

Kwanza nieleze habari ya mazoezi hayo katika nchi yake yenyewe. Katika jimbo la Henan, nchini China, penye mlima Song, kuna nyumba ya watawa wa Kibuddha iitwayo Shaolin, ambayo kwa kumbukumbu zao ilianzishwa mwaka 495. Mwaka 1928 sehemu kubwa yake iliteketezwa kwa moto katika vita vya wakubwa wa majeshi, nayo ikajengwa tena baadaye. Mwaka 1982 ilitoka filamu iliyoitwa kwa jina la nyumba hiyo, na vijana wengi wakavutiwa kwenda huko. Leo shule za mchezo huo katika mji wa Dengfeng, ulio jirani, zina makumi ya maelfu ya wanafunzi.

Mwanafunzi akifika, hapewi upanga. Huamshwa mapema, hukimbia, hunyosha viungo, kisha hufundishwa kusimama. Msimamo wa msingi huitwa mabu, maana yake hatua ya farasi: miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, kama mtu aliyempanda farasi asiyeonekana. Jaribu nyumbani, utaona. Kabla ya dakika chache kupita mapaja hutetemeka na jasho hutoka. Lakini mwalimu, wanayemwita shifu, hana haraka. Anajua kwamba ngumi haitoki mkononi. Hutoka ardhini, hupita miguuni na kiunoni, ndipo hufika mkononi. Mwenye miguu dhaifu, ngumi yake ni upepo.

Tena, hufundishwa kusalimu. Ngumi ya mkono mmoja hukutanishwa na kiganja cha mkono wa pili, na walimu wengi hueleza kwamba maana yake ni nguvu iliyozuiliwa na adabu. Hata neno lenyewe, gongfu, katika Kichina si kupigana tu. Ni ustadi wowote unaopatikana kwa kazi na muda mrefu. Mpishi anaweza kuwa nao, na mwandishi wa hati nzuri pia.

Katika ukumbi mmoja wa Shaolin kuna mashimo 48 sakafuni. Husimuliwa kwamba yalitokana na nyayo za watawa, waliokanyaga mahali palepale siku baada ya siku, kizazi baada ya kizazi, mpaka sakafu ikabonyea.

Msinielewe vibaya. Watawa wale wana imani yao, nasi tunaye Bwana wetu. Sichanganyi mambo hayo. Lakini Bwana mwenyewe aliisifu imani ya akida wa Kirumi mbele ya Waisraeli, kwa hiyo si aibu kwetu kujifunza bidii kwa wasio wa kwetu.

Sasa nieleze kilichoniondolea kicheko. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa kijana mwenye cheti kipya na fimbo mkononi. Chuoni tulisali asubuhi na jioni. Nilipopata kazi nikaona nimekwisha kuhitimu hata katika sala. Nikawa nasali Jumapili tu. Siku moja mvulana mmoja wa darasa la sita alinijibu neno ambalo niliona ni la dharau. Nilimpiga mbele ya wenzake kupita kiasi, nami nilijua kuwa ni kupita kiasi hata wakati mkono unashuka. Hakurudi shule tena. Nilikwenda kwao baada ya juma moja, nikaambiwa amepelekwa kwa ndugu, mbali. Sijamwona mpaka leo. Nimefundisha mamia ya watoto waliofaulu, lakini usiku yule mmoja ndiye anayenijia.

Ndugu zangu, someni habari za bustani ya Gethsemane. Bwana aliwaambia wanafunzi wake wakeshe na kuomba. Petro alilala. Aliamshwa, akalala tena. Walipofika askari, yule aliyeshindwa kukesha hata saa moja ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuchomoa upanga, akamkata Malko sikio. Tazameni mpango wa mambo hayo: aliyelala wakati wa kuomba ndiye aliyepiga wakati wa kuvumilia. Naye Bwana, ambaye angeweza kumwomba Baba majeshi ya malaika, alikuwa amekwisha kupiga magoti mpaka jasho likamdondoka. Kwa hiyo mkono wake ulipoinuka ulimgusa Malko ukamponya.

Hapo nikaelewa kosa langu. Nilizoea kusema kwamba siku ile nilishindwa na hasira. Sivyo. Nilishindwa zile asubuhi zote nilizolala.

Watoto wetu wa kipaimara hujifunza kwa miezi, huvaa nyeupe, Askofu huwawekea mikono, na baada ya hapo wengi hatuwaoni. Wamedhani kwamba siku ile ilikuwa mwisho wa mafunzo. Lakini sisi wazee tuwalaumu kwa lipi, kama nyumbani hawajatuona tumepiga magoti? Sala ya asubuhi haina utamu kila siku. Mara nyingi ni kama kusimama kwenye mabu: maungo yanauma, mawazo yanatangatanga, na mtu haoni faida yoyote. Faida huonekana siku ya kutukanwa, siku ya kufiwa, siku mkono unapotaka kushuka juu ya mke au mtoto.

Tuanze kidogo. Mahali pamoja, saa ileile, dakika kumi, kabla ya kushika jembe au simu. Tukikosa leo, turudi kesho. Hata sakafu ile haikubonyea kwa mwaka mmoja.

Asubuhi yake nilimweleza mjukuu wangu habari za yule mvulana, ambazo sikuwahi kumweleza mtu wa nyumbani. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Babu, nitarudi kusimama." Nikamjibu, "Nami nitasimama pamoja nawe, ila mimi kwa magoti."

Kila alfajiri namtaja yule mvulana kwa jina mbele za Mungu. Sasa ni mtu mzima, kama yu hai. Ninyi nanyi, kama yuko mtu mliyemwumiza na bado yu karibu, msingoje mpaka apelekwe mbali.

Bwana atujalie magoti yenye nguvu na mikono ya kuponya. Amina.