Nyumba ya Kwanza na Deni la Miaka 15

Ndugu mmoja wa darasa letu hapa Machakos, mwalimu mwenye mke na watoto wawili, alituuliza baada ya sala ya Isha: Je, yafaa mtu kujifunga kwa deni la miaka 15 ili apate nyumba yake mwenyewe? Mshahara wake ni shilingi 60,000, na nyumba aliyoitamani yataka mkopo wa shilingi 3,000,000. Wako waliomjibu papo hapo kwamba kodi ya nyumba ni fedha za kutupa, na kwamba mwanamume asiye na nyumba hana heshima mbele ya wakwe zake. Jibu hilo halikuturidhisha, na kwa kuwa swali ni la wengi, twaliandika hapa.

Tulianza kwa kupiga hesabu. Mkopo huo, kwa asilimia 14 kwa mwaka, hulipwa karibu shilingi 40,000 kila mwezi, na hata uishe mtu atakuwa ametoa zaidi ya milioni 7. Ndugu yetu alikuwa amesikia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza makato kuzidi theluthi mbili za mshahara, akajiona yumo ndani ya mpaka. Alisahau kwamba katika theluthi hizo mbili yamo pia makato ya serikali: kodi ya mapato, bima ya afya, akiba ya uzeeni, na ile tozo ya asilimia 1.5 ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. (Naam, hukatwa kwa ajili ya nyumba hata asiyekuwa na nyumba.)

Lakini tuseme sheria imemruhusu. Je, dhamiri nayo imemruhusu? Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu. Wao huuliza mtu aweza kulipa kiasi gani; sisi twauliza fedha hizo ni za nani. Mshahara wa mwenye watu si wake peke yake. Ndani yake mna unga, mna karo, mna dawa za mama aliyeko Kangundo, na hao wote wana haki iliyotangulia haki ya ukuta na bati. Anayewanyima ili aitwe mwenye nyumba amekopa kwao pasipo kuwauliza, na deni hilo haliandikwi popote. Nasi twajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni ya kuandika deni; na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiletewa maiti huuliza kwanza kama ana deni.

Wengine watasema dawa ni mabenki yasiyotoza riba, ambayo Kenya imekuwa nayo tangu 2008: Gulf African, na First Community ambayo tangu 2023 yaitwa Premier. Riba ni haramu, hatuna neno juu ya hilo. Ila twasema wazi kwamba uhalali wa mkataba haupunguzi uzito wa mzigo. Kilo 90 za mahindi ya halali humvunja mgongo mtoto sawasawa na za wizi.

Wala asidhani mtu kwamba anayelipa taslimu amesalimika. Huko Syokimau, Novemba 2011, na katika ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland huko Mavoko, Oktoba 2023, majumba yalibomolewa mchana kweupe, na wenyewe wakiwa na karatasi za kununulia mikononi. Miongoni mwao walikuwamo waliotia humo akiba ya umri wao wote. Basi ada ya kupekua hati, ya wakili na ya mpimaji iwe ya kwanza katika hesabu, si ya mwisho inayotafutiwa mabaki. Na kama shamba ni la kilimo, mapatano hubatilika yasipopata idhini ya bodi ya ardhi; hilo limekuwa sheria tangu 1967, na bado wanunuzi hulisikia wakiwa wamekwisha kulipa.

Tumeambiwa kwamba anayengoja hupitwa, kwa kuwa bei ya viwanja hupanda. Ni kweli, wala hatuna jibu la kuliondoa hilo kabisa. Kungoja kuna hasara yake, na huenda ndugu yetu akaja kununua ghali. Ila hasara hiyo ataibeba yeye. Ile nyingine wangeibeba watoto.

Tulimshauri ajaribu kwa miezi sita kuweka kando kila mwezi tofauti ya kodi anayolipa sasa na zile 40,000, kana kwamba deni limekwisha kuanza. Mwezi wa tatu alishindwa, mtoto alipougua. Fedha alizokwisha kuweka ndizo zilizomtibu. Sasa anatafuta kiwanja kidogo, ajenge vyumba viwili na tangi la maji ya mvua, na mkewe ndiye anayeshika daftari la hesabu.