Kosa Lake ni Kukua

Maandiko ya kusoma: Mithali 12:10, Luka 12:6-7, 2 Samweli 12:1-6

Wiki hii naomba mnivumilie, maana nataka kuzungumza juu ya mbwa. Najua wengine watasema, "Mzee ameishiwa na mahubiri." Sijaishiwa. Kuna swali limenikalia kifuani tangu mwezi uliopita, na limekuja na miguu minne.

Binti yangu alipewa kazi ya shule, atembelee mahali wanyama wanatunzwa, kisha aandike alichoona. Jumamosi nikampeleka kwenye makao ya wanyama waliotupwa na kuokotwa. Upande wa watoto wa mbwa kulijaa watu, kila mtu anapiga picha, kila mtu anasema "aki, kadogo!" Lakini kule mwisho kulikuwa na kibanda ambacho hakuna mtu alisimama. Ndani yake mlikuwa na dume la rangi ya kahawia, kifua kipana, kichwa kama cha ndama. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili.

Kijana anayewahudumia akacheka. "Usiogope, mzee. Huyu ni mkubwa bure." Akafungua mlango. Yule mbwa akaja polepole, akaegemeza ubavu wake kwenye mguu wangu, akasimama hapo. Hakuruka, hakubweka. Kilo kama 35 zimeniegemea, na mimi sijui mikono niweke wapi.

Tukaambiwa habari zake. Ana mwaka mmoja na nusu. Alinunuliwa kando ya barabara akiwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, zawadi ya watoto. Miezi ikapita, akawa anamaliza sufuria ya ugali peke yake. Akaangusha nguo kwenye kamba. Majirani wakamwogopa, mwenye ploti akalalamika. Siku moja akaletwa pale, akashushwa, gari likaondoka.

Nikauliza, "Sasa mbona hachukuliwi?"

"Mzee, wanaokuja hapa ni wa aina mbili. Wenye watoto wadogo wanataka kadogo. Wenye mashamba na maghala wanataka mkali. Wakifika kwa huyu swali ni moja tu: anauma? Nikisema hapana, wanaenda zao."

Binti yangu akasema, "Kwa hivyo kosa lake ni gani?"

Kijana akainua mabega. "Kosa lake ni kukua."

Tulipenda nini?

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Hebu tulifikirie pamoja. Wale watoto walipompokea, walimpenda kweli. Hakuna aliyedanganya. Lakini walipenda nini? Walipenda udogo wake. Udogo ulipoondoka, upendo ukaondoka nao, na mbwa akabaki. Anayetafuta mbwa mkali naye anapenda kitu kingine, yaani meno. Simlaumu. Kulinda boma ni kazi ya halali, na mbwa wengi huifanya vizuri. Lakini tukimpima mnyama kwa sura yake na kwa kazi yake tu, tutakosa jibu siku ambayo hana sura ya kupendeza wala hana kazi. Huyu wa kahawia ameangukia katikati. Ni mkubwa kuliko anayetakiwa kuchezewa, na ni mpole kuliko anayetakiwa kuogopwa.

Sasa wengine watauliza, je, nina deni gani kwa mbwa? Nami nasema deni lipo, na halitoki kwa mbwa, linatoka kwetu. Swala wa porini hakutegemei. Ukipita, anakimbia, na jioni anajitafutia. Mbwa si hivyo. Ndiye mnyama wa kwanza ambaye binadamu alimfuga, kabla ya ng'ombe, kabla ya kuku. Kwa maelfu ya miaka tumemfundisha kutazama mkono wetu, kujua sauti yetu, kungoja langoni. Ule uhitaji alio nao tumeuweka sisi. Ukimfundisha kiumbe kukutegemea kisha ukamwambia ajitegemee, hapo umemkosea.

Ndiyo maana napenda Mithali 12:10. Andiko hilo linaipeleka haki ya mtu mpaka kwa mnyama wake. Halimpimi mwenye haki madhabahuni. Linampima mahali ambapo hakuna mshirika anayemwona, akiwa na kiumbe kisichoweza kumshitaki. Na nusu ya pili ni kali zaidi, maana inatuonya kwamba kuna huruma ambayo ndani yake ni ukatili. Kununua mtoto wa mbwa kwa sababu amelia kidogo kando ya barabara, bila kufikiria mwaka ujao, ni huruma. Muulize yule wa kibanda cha mwisho huruma hiyo ilimfikisha wapi.

"Lakini kuna watoto wenye njaa"

Najua hili swali litakuja, na ni swali zuri. Mtu atasema, "Mzee, unga umepanda bei, karo haijalipwa, wewe unatuambia habari za mbwa?" Mwingine atanikumbusha kwamba Biblia mara nyingi inawataja mbwa kwa ubaya. Ni kweli. Lakini zile sehemu zinazotuonya juu ya mbwa, kama Wafilipi 3, zinazungumza juu ya watu na tabia zao. Mnyama hajafanya dhambi. Na mwingine atauliza kama Paulo katika 1 Wakorintho 9, kwani Mungu anajishughulisha na ng'ombe? Soma vizuri hoja yake. Paulo anajenga haki ya mtumishi juu ya ile haki ya ng'ombe anayepura nafaka. Kama ng'ombe asingekuwa na haki yoyote pale sakafuni, hoja yote ingekosa msingi.

Kisha tazama shomoro. Katika Mathayo 10, wawili wanauzwa kwa sarafu moja. Katika Luka 12, watano wanauzwa kwa sarafu mbili. Piga hesabu. Sarafu mbili zingenunua wanne. Huyo wa tano ni wa nyongeza, ametupiwa mnunuzi bure, kama vile mama mboga anavyokuongezea kitunguu. Soko limesema hana bei. Na Bwana anasema hata huyo hajasahauliwa. Ndiyo, hapo hapo anasema sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Mtoto ni zaidi ya mbwa, hilo sina ubishi nalo. Lakini ukubwa wa mmoja haumfanyi mwingine kuwa takataka.

Na mkumbuke yule maskini katika mfano wa nabii Nathani. Alikuwa na watoto, na chakula chake kilikuwa kidogo. Bado mwanakondoo wake alikula katika tonge lake na kukua pamoja na watoto wake. Nathani hakumhukumu kwa kuwapunja watoto. Mwenye hatia katika mfano ule ni tajiri, aliyeona mnyama wa mwenzake kama kitoweo tu. Mimi katika miaka yangu sijaona nyumba ambayo mtoto alikosa chakula kwa sababu mbwa alipendwa. Nimeona nyumba ambazo hakuna aliyejali mtoto wala mbwa. Moyo unaofunguka huwa hauulizi sana ni nani anaingia.

Nina jambo la kuungama

Mpaka hapa nimehubiri kama mtu asiye na hatia. Sasa wacha niseme ukweli.

Miaka 9 iliyopita tulikuwa tunaishi Kitengela, na tulikuwa na mbwa, Simba. Nilimchukua mwenyewe akiwa mdogo. Kazi ilipobadilika tukahamia Nairobi, kwenye fleti, orofa ya tatu. Mbwa hawaruhusiwi. Nikamwachia jirani elfu moja na gunia la unga nusu, nikamwambia, "Nitakuja kumwangalia." Baada ya wiki moja jirani akanipigia simu. Akasema Simba hali, analala kwenye lango letu lililofungwa, akisikia gari anasimama. Nikamjibu neno moja: "Atazoea." Sikurudi. Sikupiga simu tena. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, wapendwa, na nilikuwa nafundisha juu ya uaminifu.

Ile Jumamosi, tukiwa ndani ya matatu tunarudi, binti yangu aliniuliza kama tunaweza kumchukua yule wa kahawia. Nikasema, "Tutaona." Akanitazama. "Baba, hiyo ni kama ile ya Simba?" Alikuwa mdogo sana tulipohama. Sikujua kwamba anakumbuka.

Usiku ule nilitafuta namba ya jirani, nikapiga. Nilikuwa na aibu hata ya kusalimia. Nikamwuliza habari za Simba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Alilala pale langoni karibu mwezi mzima. Halafu siku moja akaingia kwangu, akakaa. Aliishi miaka 4." Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha wa nini, mzee? Alikuwa mbwa mzuri."

Yule jirani haendi kanisani kwetu. Lakini deni lilikuwa langu, na yeye ndiye alilipa.

"Hapana" ya kweli

Binti yangu nimemjibu wazi. Hatuwezi kumchukua. Bado tunaishi orofa ya tatu, na mbwa wa ukubwa ule anahitaji uwanja. Kusema ndiyo kwa sababu moyo umeguswa kungekuwa kurudia kosa lile lile. "Hapana" ya kweli ni bora kuliko "ndiyo" ya machozi.

Lakini baadhi yenu mna boma lenye ua. Kwenu ninyi nasema, kabla hamjaenda, kaeni chini kama nyumba. Mbwa mkubwa huishi miaka kama 10, kwa hivyo mtoto wa Gredi ya 3 leo atakuwa amemaliza shule mbwa akiwa bado yuko. Anakula kila siku, hata Januari. Anahitaji kivuli, maji safi, kufunguliwa atembee, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, maana ugonjwa huo unaua mbwa na unaua watu. Ahasiwe, tusije tukajaza barabara na wengine wa kutupwa. Kama mwenye nyumba ni mtu mwingine, mwulize kwanza. Na kila mtu wa nyumba akubali, hasa yule atakayepika huo ugali. Baada ya hayo yote, mkisema ndiyo, basi iwe ndiyo.

Na msimpite aliye kibanda cha mwisho. Amekwisha kukua. Hatawashangaza. Mnachokiona ndicho mtakachopata.

Yule wa kahawia alikuwa bado yupo nilipouliza Jumatano. Anayetaka kwenda kumwona aniambie baada ya ibada, nitampeleka mwenyewe.

Ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani

1. Ni nani au ni nini ulikipenda kilipokuwa kidogo na chepesi, ukakiacha kilipokuwa kizito?

2. Je, umewahi kusema "atazoea" juu ya mtu au kiumbe aliyekutegemea? Nani alibeba mzigo huo badala yako?

3. Utajuaje tofauti kati ya huruma inayodumu na huruma ya dakika moja?

Tuombe: Bwana, tusamehe ahadi tulizoziacha langoni. Tufundishe kuahidi kidogo, na kutimiza tulichoahidi. Amina.